Daftari la Mafuta

Mtaani kwetu Mbezi, Dar es Salaam, mtu akinunua gari majirani hawasemi kwamba amenunua gari. Husema kwamba amepata usafiri. Nilipolipata la kwangu mwaka 2017, kigari cheupe kilichotengenezwa Japani mwaka 2004 na kutumika huko kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuvushwa bahari, mama alikuja kukitazama, akakizunguka mara mbili, akakipigapiga boneti kwa kiganja kama mtu anayemkagua ng'ombe wa mahari, kisha akasema, "Hongera mwanangu, na wewe sasa una usafiri." Niliitikia kwa furaha, ila neno lile lilinikaa kichwani. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nikitoka Mbezi kwenda Posta, katikati ya jiji, na kurudi karibu kila siku ya kazi, kwa daladala kwanza na baadaye kwa mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yao ya pekee, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba nina usafiri.

Siku niliyokabidhiwa funguo nilinunua pia daftari dogo, nikaliweka ndani ya gari pamoja na kadi yake. Kila nilipojaza mafuta niliandika tarehe, idadi ya lita, bei, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Sikufanya hivyo kwa ajili ya hewa ya dunia. Nilifanya kwa hofu ya shilingi, kwa maana wenzangu kazini walikuwa wamenionya kwamba gari halimalizi kununuliwa. Mwisho wa mwaka 2018 nilijumlisha nikapata lita 1,144, sawasawa na lita 22 kwa wiki. Nilikuwa nikienda kilomita 265 hivi kwa wiki, kwa hiyo gari lilikuwa likitembea kilomita 12 kwa lita moja, jambo ambalo kwa injini yenye ujazo wa chini kidogo ya lita moja na nusu, na kwa foleni za Barabara ya Morogoro, si la kulalamikia. Nililifunga daftari nikijiona mtu wa hesabu nzuri.

Hesabu ya pili ilikuja mwaka 2021, na aliyeileta ni binti yangu, wakati huo akiwa kidato cha tatu, aliyekuwa na zoezi la kemia kuhusu kuungua kwa hidrokaboni. "Baba," aliniuliza, "petroli ya gari ikiungua inakwenda wapi?" Nilimjibu kwamba inaisha. Akacheka, akanisogezea kitabu, tukakaa mezani tukaifanya hesabu pamoja. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na katika hizo gramu 630 na ushei ni kaboni. Ndani ya silinda kila atomu ya kaboni hushikana na atomu mbili za oksijeni ambazo injini imezivuta kutoka hewani, na kwa kuwa uzito wa kaboni ni 12 na uzito wa oksijeni mbili ni 32, kila gramu 12 za kaboni hutoka kwenye bomba la moshi zikiwa gramu 44 za hewa ukaa. Ndiyo maana kitu kilichoingia kwenye tangi kikiwa na uzito usiofika kilo moja kinatoka kikiwa na kilo 2.3. Dizeli, ambayo ni nzito zaidi, hutoa karibu kilo 2.7 kwa lita. Tulichukua lita 1,144 za daftari langu tukazizidisha, tukapata kilo 2,631. Gari lenyewe, likiwa tupu, lina uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Kwa mwaka mmoja lilikuwa limetapika zaidi ya mara mbili ya uzito wake, mimi nimekaa ndani yake nikisikiliza redio, wala sikuona chochote, kwa sababu hewa ukaa haina rangi wala harufu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kadiri ninavyoweza kuhusu jambo hili, nikitafuta mahali pa kuliweka fungu langu. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linalokusanya elimu ya tabianchi, iliyotolewa mwaka 2022, inaonyesha kwamba mwaka 2019 sekta ya uchukuzi ilitoa gesijoto zenye uzito wa tani bilioni 8.7, kiasi kinacholingana na asilimia 23 ya hewa ukaa yote inayotokana na nishati duniani, na kwamba asilimia 70 ya kiasi hicho cha uchukuzi ilitoka barabarani. Ndege na meli, ambazo hutajwa sana katika mazungumzo, zote mbili kwa pamoja hazifikii nusu ya kinachotolewa na magari. Tani bilioni sita hizo za barabarani hazina lango moja la kiwanda ambalo mtu anaweza kwenda kulisimamia na bango. Zinatoka kwenye mabomba ya moshi zaidi ya bilioni moja, mojawapo likiwa limeegeshwa chini ya dirisha langu. Zikishatoka hazianguki chini kama vumbi. Kabla ya zama za viwanda hewa ilikuwa na sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni, na sasa zimevuka 420. Na sehemu kubwa ya kilichotoka kwenye gari langu mwaka 2018 itakuwa ingali juu ikihifadhi joto wakati wajukuu wa binti yangu watakapokuwa wazee.

Hapo ndipo inapoingia hoja ambayo nimeisikia kwenye vijiwe, kwenye mikutano na kwenye redio, na ambayo mimi mwenyewe niliitumia kwa ufasaha mkubwa kabla ya kufanya hesabu ile: kwamba sisi Waafrika hatuchangii. Hoja hiyo ni ya kweli, na sitaki msomaji aelewe kwamba naikanusha. Bara zima halifikishi asilimia tano ya hewa ukaa inayotokana na makaa, mafuta na gesi duniani. Marekani ina zaidi ya magari 800 kwa kila watu 1,000, na shirika la mazingira la serikali ya huko linakadiria kwamba gari la kawaida la abiria hutoa tani 4.6 kwa mwaka, karibu mara mbili ya langu. Anayetaka kupanga mstari wa wenye deni ajue aanzie wapi.

Lakini kiasi anachohesabiwa Mtanzania mmoja, ukiigawanya hewa ukaa ya nchi itokanayo na makaa, mafuta na gesi kwa watu wake wote, hakifiki nusu tani kwa mwaka. Kigari changu peke yake, kabla sijawasha taa wala jiko la gesi, kilikuwa kikitoa zaidi ya mara tano ya kiasi hicho. Wastani ule mdogo unaotupa heshima mbele ya mataifa umepatikana kwa kunigawanya mimi kwa watu kama shangazi yangu wa Kilosa, ambaye hulima mahindi na mpunga, huenda shambani kwa miguu, na hupanda bodaboda siku ya mnada tu, tena akiwa amebeba mzigo. Ninaposema mbele ya watu kwamba sisi hatuchangii, ninajificha nyuma ya kanga ya shangazi. Na yeye ndiye aliyeona Mto Mkondoa ukifurika kati ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, ukazichukua nyumba na kuing'oa reli ya kati. Sidai kwamba mafuriko yale yaliletwa na magari. Ninachosema ni kwamba kama kuna hesabu ya joto inayokuja, aliye karibu na mto ni yeye, na mwenye bomba la moshi ni mimi.

Kigari hiki hakikuanza kuhesabiwa Tanzania. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani ukiwa kulia, na sheria yao hulazimisha kila gari lipite ukaguzi wenye gharama kubwa, wa kwanza baada ya miaka mitatu na inayofuata kila baada ya miaka miwili, kiasi kwamba mwenye gari la umri fulani huona ni nafuu kuliuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Gari hilo huingia mnadani, hupanda meli, hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam au ya Mombasa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa kuliko bara jingine lolote. Gari linapoondoka Yokohama, moshi wake huondoka kwenye vitabu vya Japani na kuingia kwenye vitabu vyetu, ilhali hewa ni ile ile moja. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda iliweka kikomo cha miaka kumi na mitano mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, ila imeweka ushuru wa uchakavu kwa gari lililovuka umri uliowekwa, ushuru nilioulipa mimi na ambao, niseme ukweli, haukunizuia. Ulinifanya nichague gari dogo zaidi kuliko nililolitaka, na labda hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kwa upande wa hewa ukaa, umri wa gari si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni lita. Kigari kuukuu kinachokunywa lita nane kwa kilomita 100 kinaiharibu tabianchi kidogo kuliko shangingi jipya la silinda nane linalong'aa, hata kama shangingi halitoi hata uzi wa moshi unaoonekana.

Nililielewa hili vibaya kwa muda mrefu, na kosa langu liliniingiza kwenye jambo ninaloliona aibu. Mwaka 2019 gari lilianza kuwa zito kila nilipopandisha Kimara. Fundi niliyekuwa nikimtumia, kijana mwenye mkono mwepesi na maneno machache, aliingia uvunguni, akaligonga bomba la moshi kwa spana, akasikiliza.

"Bosi, masega yameziba. Tukiyatoa gari litapumua."

"Yana kazi gani, fundi?"

"Hayo ni mambo ya Wajapani, bosi. Huku kwetu hayana kazi."

Nikakubali, akayakata, na gari likapumua kweli. Miaka miwili baadaye, nikiwa nimeshaingiwa na ugonjwa wa kusoma, ndipo nilipojua kwamba masega yale, kifaa chenye vitundu kilichomo kwenye bomba la moshi, yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayozigeuza gesi zenye sumu zitokazo kwenye injini ziwe gesi zisizodhuru mapafu; kwamba kwa sababu ya madini hayo yana soko lake, na mimi sikuwahi kuuliza yangu yalikwenda wapi; na kwamba eneo letu zima lilikuwa limeingia gharama kubwa ili yaweze kufanya kazi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na risasi ndiyo sumu kuu ya masega. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta yalisafishwa kwa ajili ya masega, kisha sisi tukayatoa masega.

Hata hivyo masega hayapunguzi hewa ukaa hata kidogo. Kazi yake ni kuzigeuza kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua vizuri ziwe hewa ukaa na mvuke, na kuivunja oksidi ya naitrojeni. Gari lenye masega mazima, lenye moshi safi kabisa puani mwa mpita njia, hutoa kilo zile zile 2.3 kwa kila lita. Tumezoea kumnyooshea kidole mwenye lori linalotoa moshi mweusi, na tuna haki, kwa kuwa masizi yale huua watu na pia huongeza joto kwa namna yake. Lakini macho yetu yametufundisha kuogopa kinachoonekana, na gari linalosifiwa kwamba halitoi moshi limesamehewa kosa ambalo halijaacha kulitenda.

Naja kwenye foleni, kwa kuwa mkazi wa Dar es Salaam hawezi kuandika kuhusu gari bila kuitaja. Injini ndogo ikiwa imesimama inaunguruma hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwaka huongeza juu yake. Serikali imejibu foleni kwa zege. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa Septemba 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo Februari 2021. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19, ikapanuliwa kuwa njia nane, baada ya nyumba nyingi kuvunjwa kandokando yake. Kwa miezi michache baada ya Kijazi kufunguliwa nilifika Posta kwa muda ambao sikuwahi kuuota. Kisha magari yakaja. Wachumi wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu miji ya Marekani ulioonyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawia na kilomita za barabara zinazojengwa, na sidhani kwamba kuna jambo katika tabia ya mwenye gari wa Mbezi linalomtofautisha na mwenye gari wa Chicago. Mimi ni shahidi. Barabara ilipokuwa mbaya, siku ya Jumamosi nilikuwa nikinunua mahitaji gengeni. Ilipokuwa nzuri nikaanza kuyafuata Kariakoo kwa gari.

Lakini kati ya zege hizo kuna moja ambayo hesabu yake ni tofauti. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 katika njia za awamu ya kwanza zenye urefu wa kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tuchukue basi refu la mita 18 linalokunywa lita 55 za dizeli kwa kilomita 100, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa basi la ukubwa huo. Linatoa kilo 148 na nusu za hewa ukaa. Likiwa na abiria 100, kila mmoja amebeba kilo moja na nusu. Mimi peke yangu katika kigari changu, kwa kilomita zile zile 100, ninatoa kilo 19, karibu mara kumi na tatu. Mtu atasema kwamba mabasi hayajai muda wote, na kwamba asubuhi hurudi Kimara karibu matupu, ni kweli. Haya, tupunguze abiria wawe 30 tu kwa wastani: kila mmoja atakuwa na kilo tano, robo ya zangu. Ili gari langu lifikie hapo lazima libebe watu wanne, na kila asubuhi nikitazama pembeni kwenye foleni naona dereva mmoja, viti vinne vitupu, dereva mmoja, viti vinne vitupu, mpaka Ubungo.

Wala jambo hili si geni kwetu. Nikiwa mtoto miaka ya 1980 nilipanda na baba mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, aina ya Ikarus, yale marefu yenye kiungo katikati tuliyoyaita kumbakumba, na kila kona ilipokatwa nilipenda kusimama palipokuwa na kile kiungo ili sakafu izunguke chini ya miguu yangu. UDA iliposhindwa kuutosheleza mji, mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, nauli ikiwa shilingi tano, yaani dala, na jina likabaki hadi leo. Mji huu umesafirishwa na mabasi katika maisha yangu yote, na bado wakazi wake wengi husafiri hivyo. Tunaoonekana barabarani, tulioijaza lami, ni wachache. Kwa nini basi niliacha mwendokasi mwaka 2017 nikanunua gari? Nitajibu bila kujipamba: kwa sababu asubuhi abiria walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa sababu nilichoka kufika ofisini shati likiwa limekunjamana, na kwa sababu mkwe wangu aliwahi kuniuliza mbele ya watu nitamleta lini binti yake kwa usafiri wangu mwenyewe. Sababu ya kwanza inaweza kuondolewa na mabasi zaidi. Ya tatu sijui waziri gani ataiondoa.

Mwaka 2022, wiki ya mvua kubwa, nilikaa ndani ya gari saa tatu kati ya Magomeni na Fire kwa sababu maji yalikuwa yamefunika barabara pale Jangwani. Mabasi ya mwendokasi nayo yalikuwa yamekatisha safari. Kila mwana Dar es Salaam anaijua Jangwani: ni bonde la Mto Msimbazi, na ndani ya bonde hilo hilo ndimo ilimojengwa karakana ya mabasi hayo, ambayo imeingiwa na maji zaidi ya mara moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Hewa ikipata joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na dunia imekwisha kupita nyuzi moja. Mvua inaposhuka sasa ina mengi zaidi ya kushusha. Bonde la Msimbazi lina matatizo yake mengine, zikiwemo nyumba zilizojengwa kwenye mkondo, taka, na mchanga unaoteremka kutoka vilima vya Pugu vilivyokatwa miti, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 ili bonde litengenezwe, kukiwemo daraja refu zaidi pale Jangwani. Sitaki kusema kwamba petroli yangu ndiyo iliyoyajaza maji yale. Lakini nilikuwa nimezimwa na mvua, injini imewashwa ili kiyoyozi kifanye kazi, na nusu lita baada ya nusu lita ilikuwa ikiingia kwenye daftari.

Wapo wanaonishauri nifunge mfumo wa gesi. Gesi asilia ya Songosongo hutoa hewa ukaa pungufu ya petroli kwa karibu robo, na kwa mfuko wa dereva wa bajaji unafuu wake hauna mjadala. Ila gesi hiyo ni methani, ambayo ikivuja bila kuungua hupasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka ishirini, kwa hiyo mtungi na maungio mabovu yanaweza kula faida yote. Umeme ni habari nyingine. Kigari cha umeme hutumia uniti 15 hivi kwa kilomita 100, na hata kama uniti zote hizo zingetoka kwenye mitambo ya gesi, zingeleta kilo saba na nusu badala ya kilo 19 zangu. Na sasa kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaingiza umeme kwenye gridi, kiasi hicho ni kidogo zaidi. Treni ya umeme tayari inakwenda Dodoma tangu mwaka 2024. Mwaka huo huo Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya abiria yanayotumia mafuta, hatua ambayo nilidhani ni mzaha niliposoma habari yake kwa mara ya kwanza. Hata hivyo gari la umeme lenye dereva mmoja na viti vinne vitupu litakaa kwenye foleni ile ile. Kobalti na shaba za betri zake, zinazotoka Kolwezi kule Kongo na viunga vyake, hupita mbele ya nyumba yangu Mbezi juu ya malori ya dizeli yanayoelekea bandarini usiku kucha, na reli ya TAZARA iliyojengwa tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya shaba ya upande ule hubeba sehemu ndogo tu.

Kuanzia mwisho wa mwaka ule wa mvua naendesha hadi Kimara tu, kilomita saba, kisha napanda mwendokasi. Ningeweza kupanda basi tangu Mbezi, lakini usiku narudi nimechelewa na sijaweza kuiacha starehe hiyo. Daftari la mwaka 2024 lilifungwa kwa lita 486, yaani kilo 1,118. Bado ni zaidi ya maradufu ya mgawo wa shangazi. Mama ameniuliza mara mbili kama usafiri umeharibika.

Gari naliacha kwenye uwanja wa mzee mmoja karibu na kituo, ambaye alianza kwa kuwapa hifadhi majirani wawili na sasa anatoza shilingi elfu moja kwa siku. Nilipoanza tulikuwa magari sita. Mwezi uliopita tulikuwa kumi na tisa, wote tumeyaacha magari yetu ili tupande basi, na Jumatatu moja nilipofika nilikuta ameukata mwembe mkubwa uliokuwa katikati ya uwanja, ule tuliokuwa tukigombania kivuli chake, ili apate nafasi ya magari manne zaidi.